Mzazi Mkristo akiamua kuwasomesha watoto wake nyumbani, anatimiza wajibu au anawanyima haki yao?

Mleta mada

Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwenu wadau wote, wa imani yetu na msio wa imani yetu.

Mimi na mume wangu tumeamua kwamba mwaka ujao wa masomo watoto wetu hawarudi shule. Nitawafundisha mwenyewe nyumbani. Tangu tuwaambie watu wa karibu, maneno yamekuwa mengi. Kanisani wapo wanaonipongeza kana kwamba nimewatoa watoto Sodoma. Upande wa ndugu wapo wanaouliza watoto wamekosa nini hadi niwafungie ndani. Pande zote mbili naona zimenielewa vibaya, ndiyo maana naileta hoja hapa tuijadili bila jazba.

Nianze na wapendwa wenzangu. Andiko linalotajwa kila mara ni Kumbukumbu la Torati sura ya 6, na linatajwa kana kwamba Mungu alipiga shule marufuku. Tulisome basi. Maneno ya Mungu yawe kwanza moyoni mwa mzazi, kisha awafundishe watoto wake kwa bidii, aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Hesabu haimo, jiografia haimo. Agizo hilo ni la kila mzazi aaminiye, mwenye mtoto wa bweni na mwenye mtoto anayesomea mezani kwake. Anayempeleka mwanawe shule hajalivunja. Na mimi nitakayebaki na wangu nyumbani, kubaki nao tu si kulitimiza. Naweza kushinda na mtoto kutwa nzima nikimfokea, na jioni ikawa alichojifunza ni hasira zangu.

Tena watu wa Biblia hawakusomeshwa kwa njia moja. Timotheo aliipokea imani kutoka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, na Stefano anapolitaja hilo katika Matendo 7 halitaji kama aibu. Danieli na wenzake waliwekwa kwenye elimu na lugha ya Wakaldayo, watu wa Babeli. Chakula cha mfalme walikikataa, darasa hawakulikataa. Paulo alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa torati. Kwa hiyo asitokee mtu akaniambia kwamba Mkristo wa kweli hasomeshi shuleni.

Sasa kwa nini nimeamua hivi? Kwa sababu ya watoto ninaowaona mbele yangu. Mkubwa wangu anasoma kwa sauti bila kukwama, na sifa anapata. Ukifunga kitabu ukamuuliza kimesema nini, anakutazama tu. Darasa lao ni kubwa na mwalimu hana nafasi ya kukaa naye peke yake. Mimi nafasi hiyo ninayo, kazi yangu inaniruhusu. Njia nitakayoanza nayo ni ya Charlotte Mason, mwalimu Mkristo wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923: vipindi vifupi, kwa wadogo dakika 15 au 20, kifungu kinasomwa mara moja tu, kitabu kinafungwa, mtoto anasimulia kwa maneno yake alichosikia. Nimeshaijaribu jioni. Mara ya kwanza alitoa sentensi moja. Siku hizi ananisimulia hadi mdogo wake anamkatiza kumsahihisha, na hapo ndipo najua wote wawili wamesikiliza.

Kuhusu haki: Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Ibara hiyohiyo inasema elimu ya msingi ni ya lazima. Nchi zimeyasoma maneno hayo mawili kila moja kivyake. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta mwaka 1925 sheria ya jimbo la Oregon iliyotaka watoto wote waende shule za serikali. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayofaa umri na uwezo wake, iwe shuleni au kwa njia nyingine. Ujerumani ni shule tu, isipokuwa kwa sababu nzito sana. Sweden ilibana mwaka 2010, ikabakiza mazingira ya kipekee peke yake. Kwa hiyo anayetaka kufuata njia yangu aulize kwanza sheria ya nchi anakoishi, kabla hajanunua hata kitabu kimoja.

Msimamo wangu ni huu: mzazi ana haki ya kusomesha nyumbani, ila hana haki ya kumficha mtoto. Karibuni.

Mchangiaji, mwalimu wa shule ya msingi

Dada, nimekusoma kwa heshima kwa sababu hukututukana sisi walimu, jambo ambalo kwenye mada kama hizi ni nadra.

Lakini kumpenda mtoto hakukufanyi ujue anakosea wapi. Mpe mtoto 52 toa 27. Wengi wataandika 35. Mzazi ataweka alama ya kosa na kusema "kuwa makini". Umakini anao. Alichofanya ni kuona kwamba 2 toa 7 haiwezekani, akageuza, 7 toa 2, akapata 5. Kisha 5 toa 2, akapata 3. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu, kwamba kila safu unatoa ndogo kwenye kubwa. Ukimpa maswali ishirini zaidi atakosea yote yanayohitaji kukopa, na kila siku kanuni ile itazidi kukomaa. Dawa yake si maswali mengi. Ni kumrudisha kwenye vijiti, mafungu ya kumi kumi, afungue fungu moja kwa mkono wake ndipo atoe saba. Sisi tunaligundua haraka kwa sababu tumeliona kwa mamia ya watoto. Wewe utaliona kwa mtoto mmoja, na unaweza kudhani ni uzembe.

Sisemi huwezi. Nauliza tu: atakapokwama, utajuaje alikokwama?

Mchangiaji, mzee wa kanisa

Mwanangu, nakubariki kwa uamuzi, ila andiko umelilainisha. Ni kweli shule haikutajwa. Lakini hebu tazama saa. Mtoto anatoka alfajiri, anarudi jioni amechoka, ana kazi za shule, anakula, analala. Huko "kuketi nyumbani na kutembea njiani" kunabaki wapi? Tumewakabidhi wengine saa nzuri za mtoto, sisi tukabaki na makombo, halafu akifika chuo akaiacha imani tunamlaumu shetani. Danieli alipelekwa mateka, wazazi wake hawakumwandikisha. Waefeso 6:4 imesema na akina baba, mkiwalea katika adabu na maonyo ya Bwana, haikusema na waalimu wa kuajiriwa.

Mleta mada

Baba, shikamoo. Kuhusu saa uko sahihi, na ni sababu mojawapo iliyonisukuma. Kuhusu Danieli nakubali kwamba hakwenda kwa hiari. Lakini alipofika huko hatukuona imani ikiyeyuka kwa sababu ya vitabu vya Wakaldayo. Kuna kitu alikuwa amekwisha kupewa nyumbani. Ndicho ninachokitafuta, na wapo wanaokipata huku watoto wao wanakwenda shule kila siku. Mama mjane anayetoka kazini usiku, anapiga magoti na wanawe kabla ya kulala, sitaki atoke ibadani akijiona amemkosea Mungu kwa sababu hana nafasi niliyo nayo mimi. Hilo ndilo linaloniuma katika mahubiri ya namna hii, na nalisema nikijua nazungumza na mzee wangu.

Mchangiaji aliyesomea nyumbani utotoni

Mimi nilisomeshwa nyumbani tangu mwanzo hadi nikamaliza masomo ya sekondari. Wazazi wangu ni watu wa Mungu na nawapenda. Naomba niseme ambayo mzazi hawezi kuyaona kutoka upande wake wa meza.

Zuri: nilisoma sana. Nilipopenda nyota nilisoma nyota hadi nikatosheka, hakuna kengele iliyonikatiza.

Baya: tulitumia vijitabu vya kujisomea, ule mfumo wa Kikristo ambapo mtoto anakaa peke yake, anajaza nafasi zilizoachwa wazi, kisha anakwenda kujisahihisha kwa kitabu cha majibu. Mfumo maarufu wa aina hiyo, Accelerated Christian Education, ulianzia Texas mwaka 1970. Unakwenda haraka na mzazi anafurahi kuona vijitabu vinaisha. Mimi nilijifunza kutafuta neno linalokosekana kwenye sentensi. Kuandika kurasa mbili nikitetea hoja, kisha mtu akaipinga, nilikuta hilo chuoni, na lilinitesa.

La pili ni maabara. Kemia niliijua kwa picha. Siku ya mtihani wa vitendo ndiyo siku niliyoshika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, kwa mara ya kwanza. Dada, ukiwa na mtoto atakayetaka sayansi, tafuta kituo mapema kitakachompokea kama mtahiniwa wa kujitegemea, na uulize kuhusu mazoezi ya maabara miaka miwili kabla. Usisubiri mwaka wa mtihani.

La tatu ni zito kidogo. Kwetu baba alikuwa baba, mwalimu mkuu, na mchungaji. Nilipotofautiana naye kwenye historia, nilikuwa nimemvunjia heshima baba na nimeasi kanisa kwa wakati mmoja. Mtoto wa shule akibishana na mwalimu, anarudi nyumbani kwa mtu mwingine. Mimi sikuwa na mtu mwingine wa kurudi kwake.

Mchangiaji mwingine

Nyote mnazungumza kama vile wazazi wote ni kama mleta mada. Januari 2018 binti wa miaka 17 alitoroka nyumbani kwao California akapiga simu polisi. Walikutwa ndugu 13, wengine wamefungwa minyororo, wamedhoofika kwa njaa. Baba alikuwa ameisajili nyumba kama shule binafsi, na hakuna aliyekwenda kuitazama. Mwalimu ndiye mtu mzima anayemwona mtoto kila siku nje ya familia. Ukimwondoa, nani ataona kovu?

Ndiyo maana Ujerumani hawana mchezo. Mwaka 2013 polisi waliwachukua watoto wanne wa familia moja ya Kikristo iliyogoma kuwapeleka shule, wakawekwa kwenye makao ya watoto takriban wiki tatu. Familia ikakata rufaa hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Januari 2019 ikashindwa. Mimi naunga mkono. Haki ni ya mtoto.

Mleta mada

Nijibu hili la mwisho kwanza kwa sababu ndilo kubwa.

Kisa cha California nakifahamu, na Mkristo anayesomesha nyumbani akikitupa pembeni kwa kusema "wale hawakuwa wenzetu" simwelewi. Nyumba iliyofungwa inaficha mema na mabaya sawasawa. Lakini Ujerumani imetoa dawa kali kwa mgonjwa asiyehitaji. Watoto wale walitolewa kwa wazazi wao kwa nguvu, kisha wakarudishwa. Kama shida ni kwamba mtoto haonekani, basi aonekane: aandikishwe, apimwe na mtu asiye ndugu yake, azungumze na mtu huyo bila mimi kuwepo. Kama sheria hainilazimishi, nitajilazimisha. Na mzazi mwenzangu anayekasirika akiombwa hilo, namwomba ajiulize kinachomkasirisha.

Mwalimu, swali lako nitajuaje alikokwama sina jibu la kitabuni. Nilichoamua ni kumlipa mwalimu mmoja, aliyestaafu, awe anapitia madaftari yao kila mwezi. Si alama zao, madaftari yenyewe, makosa yakiwa yameachwa bila kufutwa. Mfano wako wa 52 toa 27 nimeuandika ukutani. Nitakaa na mtoto anieleze kwa mdomo alivyopata jibu, hata likiwa sahihi.

Ndugu uliyesomea nyumbani, asante kwa kusema bila kuwadhalilisha wazazi wako. Hilo la baba, mwalimu na mchungaji katika mtu mmoja ndilo lililonikosesha usingizi. Tumekubaliana na mume wangu kwamba masomo yakiwa yangu, nidhamu ya mtoto anayegoma masomo itakuwa mikononi mwake, na mtoto akitofautiana na mimi kwenye somo hilo ni suala la somo, haliletwi kwenye maombi ya jioni. Pia kila wiki watakuwa na siku ya kujifunza na watoto wengine chini ya mtu mwingine: michezo, muziki, na mkubwa ameomba mdahalo. Tutapima kila mwaka. Ikionekana mtoto anarudi nyuma au anasinyaa, anarudi shule, na hakuna atakayesema imani imeshindwa.

Mchangiaji, mwalimu wa shule ya msingi

Hapo kwenye madaftari umenigusa. Swali dogo tu: watoto wenyewe wamesemaje? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unataka mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu.

Mleta mada

Wamesikilizwa, kila mmoja kwa wakati wake. Mdogo anafurahi, ingawa nadhani anafurahia zaidi kutoamka alfajiri. Mkubwa alikaa kimya kwanza, kisha akauliza kama rafiki yake wa dawati moja ataendelea kuja nyumbani. Nikampigia mama wa yule mtoto siku hiyohiyo. Atakuja kila Jumamosi, na mwanangu amekubali kujaribu mwaka mmoja. Mwaka huo ukiisha ataulizwa tena, na jibu lake litahesabiwa.