Mjadala: Dada anayehudumu vyuoni achangishe mshahara wake mwenyewe, au alipwe kutoka mfuko mmoja?

Mtoa mada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Huduma nyingi za wanafunzi vyuoni zimerithi utaratibu wa wamishenari wa kigeni: mtumishi anatafuta wachangiaji wake, ofisi inamfungulia akaunti ndogo, analipwa kulingana na kilichoingia. Nasema utaratibu huu unawaumiza dada zetu kuliko kaka zetu, na uondolewe. Mishahara itoke mfuko mmoja. Karibuni, ila tujadili kwa hesabu.

Mhasibu
Hesabu hii hapa, kwa Tanzania. Tuseme mshahara ni 900,000 kwa mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata 90,000, na mwajiri anaongeza 90,000 nyingine. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwenye 810,000 iliyobaki ni 80,500. Kama alisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara inaondoka, yaani 135,000. Mkononi anabaki na 594,500. Kwa ofisi, ukiweka na asilimia 0.5 ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, gharama ni 994,500. Muumini wa kawaida akiahidi 20,000, wanatakiwa watu 50 wanaolipa kila mwezi bila kuruka, na hapo bado nauli, vocha na pango. Walioahidi nao si wote wanaolipa. Ngoja Januari ya ada za shule uone.

Mzee wa Usharika
Napinga. Huo mfuko mmoja mara nyingi unajazwa na mfadhili mmoja wa nje. Akibadili mawazo, wote wanakosa mshahara mwezi uleule, wa kike na wa kiume. Wachangiaji 50 hawaondoki siku moja. Na hilo la dada kuumia zaidi mmelisema tu. 20,000 ni 20,000, aiombe nani.

Mama Mlezi
Shikamoo mzee. Pesa ni ileile, njia ya kuifikia ndiyo tofauti. Kaka humfuata mfanyabiashara dukani jioni akifunga, anakaribishwa chai, anaondoka na ahadi. Dada akifanya hivyo, kesho ni maneno mtaa mzima, na wapo wanaume wanaotumia huo mchango kumvizia. Basi inabidi aende na mwenzake: nauli mara mbili kwa ahadi moja. Kisha maswali. Hajaolewa: "Akiolewa si ataacha?" Ameolewa: "Mumeo kwani hafanyi kazi?" Kaka aliyeoa haulizwi mkewe anapata ngapi. Kwake familia ni sababu ya kuongezewa.

Njoo kwenye uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Katika akaunti binafsi mambo huenda hivi: wiki za mwisho za ujauzito hawezi kuzunguka kwa wachangiaji, barua yake ya habari haitoki, wengine wanadhani ameacha huduma, ahadi zinakatika. Katikati ya likizo ofisi inamwambia, "Akaunti yako haina kitu." Sheria haiitambui akaunti hiyo, mzee wangu. Inamtambua mwajiri.

Mwanasheria
Hapo ofisi hukimbilia kusema yeye ni mtumishi wa kujitolea. Haisaidii sana. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo dalili mojawapo: anapangiwa namna au saa za kazi, amefanya wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo anayemfanyia kazi kwa kipato, au anapewa vitendea kazi. Kichwa cha mkataba kiandikwe vyovyote.

Ila dada naye awe na karatasi. Taarifa ya likizo hutolewa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Wengi humwambia kiongozi kwa mdomo baada ya ibada, na ugomvi ukianza hakuna ushahidi.

Na zile hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ambazo sheria inampa mama ni ndani ya saa za kazi. Kazi ya vyuo huchangamka vipindi vikiisha, saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Kumwambia atoke saa 4 asubuhi akanyonyeshe ni mzaha.

Dada wa Eldoret
Huku Kenya ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, Sheria ya Ajira ya 2007, na baba ana wiki mbili. Hata hivyo simuungi mkono mtoa mada. Shida ni dada kuchangisha akiwa pekee, mtu mmoja mmoja. Ofisi iandikie kamati za misheni za makanisa kabla bajeti ya mwaka haijafungwa, ahadi iwe ya kanisa na ilipwe moja kwa moja benki. Makanisa kumi ya 60,000 kwa mwezi ni 600,000, na hakuna kumfuata mtu dukani. Zinazobaki ndizo zitafutwe kwa watu binafsi, wakienda wawili wawili. Kongamano likija, nauli na chakula cha yaya viandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Visipoandikwa, mama mwenye mtoto mchanga habebwi, halafu mnasema dada hawajitokezi kwenye uongozi.

Mzee wa Usharika
Hilo la makanisa nalikubali. Uzazi je, nani alipe?

Mhasibu
Akaunti zote zichangie, na za kaka pia. Chukua watumishi 12 wa gharama ileile: kwa mwaka ni kama milioni 143.2. Wakijifungua wawili, siku 84 kila mmoja, ni kama milioni 5.6. Asilimia 4 ya kila akaunti inatosha, hata kama ahadi zao zote zimekatika.

Mzee wa Usharika
Kaka akatwe kwa likizo asiyoichukua?

Mama Mlezi
Ndiyo. Binti anayedaiwa rushwa ya ngono na mwalimu hamwendei kaka. Chuo kisipokuwa na dada, kaka huyo hata taarifa hapati.

Mhasibu
Akaunti hiyo iwe peke yake, watia saini watatu, mmoja awe mtumishi wa kike. Mkiichanganya na ya ofisi, kongamano la kwanza litaimaliza.

Mtoa mada
Sijashawishika. Asilimia 4 inaziba pengo la likizo tu. Yule ambaye ahadi zake hazijawahi kufika 50 mnamlipa nini?