Re: Chavua imeanza. Dawa ianze lini?

Ndugu wapendwa,

Swali limerudi: dawa ya aleji ya chavua, yaani vumbi la maua, ianze lini? Na dada aliyeuliza kama alaumu maua ya bustanini: ayaache, hayana kosa. Ua lenye rangi na harufu huita nyuki, na chavua yake ni nzito, hunata, haisafiri mbali. Inayotutesa ni ya mimea inayotegemea upepo, ambayo maua yake huenda hujawahi hata kuyatambua kuwa ni maua. Mtazame mti wa betula mwezi wa Aprili: vishada vinaning'inia kama mikia midogo, na ukitikisa tawi siku kavu linatoka vumbi la manjano. Kwa nchi za kaskazini, miti ya hazeli na alda hutangulia mapema, hata Januari au Februari, betula hufuata, kisha nyasi kuanzia Mei hadi Julai. Ukijua mwezi unaoumia, umeshajua nusu ya jibu.

Mgeni aliyehamia nchi hizi asishangae kwamba mwaka wa kwanza alipita salama. Mwili huhitaji muda kuizoea chavua ngeni kwa ubaya, yaani kuitengenezea kingamwili, na kazi hiyo huweza kuchukua misimu miwili, mitatu au zaidi. Ndiyo maana wengi husema "mimi sina aleji" hadi siku wanapopiga chafya kumi mfululizo. Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Aleji hukaa wiki nyingi, kamasi ni jepesi kama maji, macho yanawasha, homa hakuna.

Sasa dawa. Ile ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, ya kupuliza puani (flutikasoni, mometasoni) ndiyo yenye nguvu zaidi kwa pua iliyoziba, lakini huchukua siku kadhaa kushika, na hufika kileleni baada ya kama wiki 2. Anza wiki 2 kabla ya msimu wako, kisha tumia kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Anayeanza pua ikiwa imeshaziba, akaacha siku ya tatu, atasema dawa ni bure.

*

Re: Chavua imeanza. Dawa ianze lini?

Asante kaka. Naongezea upande wa matumizi, maana famasia tunaona chupa hiyohiyo ikirudishwa kwa lawama wakati kosa ni la mkono.

Penga kamasi kwanza. Tikisa chupa, ikiwa mpya, bonyeza hewani mpaka utoke ukungu laini. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikiinue. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio. Ukielekeza kwenye ukuta wa katikati, ndipo damu za pua zinapoanzia. Vuta pumzi taratibu. Ukisikia ladha kooni, umevuta kwa nguvu na dawa imeshamezwa.

Kuosha pua husaidia sana: nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto kwa mililita 240 za maji, na baking soda ya kuokea kidogo, kiasi cha ncha za vidole, ili isiunguze. Maji yawe yamechemshwa dakika moja na kupoa. Ya bomba moja kwa moja hapana. Kuna vijidudu ambavyo tumbo huviua lakini puani huweza kuua mtu. Osha kwanza, subiri kama dakika 10, ndipo upulize dawa. Ukigeuza mpangilio unaimwaga kwenye sinki.

Vidonge vya aleji: setirizini au loratadini miligramu 10 mara moja kwa siku. Feksofenadini imezwe kwa maji, si juisi ya matunda, kwani juisi hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Zile dawa za kuzibua pua papo hapo (oksimetazolini na wenzake) zisizidi siku chache. Ukiendelea, pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

*

Re: Chavua imeanza. Dawa ianze lini?

Shikamooni wakubwa. Mawili tu.

Mvua ya kawaida huosha hewa, ila mvua ya radi ni jambo jingine. Chembe ya chavua ya nyasi ni kubwa, hukwama puani. Dhoruba huipasua vipande vidogo vinavyofika ndani ya mapafu. Melbourne, 21 Novemba 2016, mwisho wa majira yao ya kuchipua, maelfu walikimbilia hospitali na watu 10 walifariki. Wengine hawakujua kama wana pumu. Kwa hiyo kifua kikibana au kikipiga mluzi, hayo si ya pua tena: daktari, na inhela iwe mfukoni. Dhoruba ikikaribia, ingia ndani ufunge madirisha.

La pili, nywele. Za kusuka hubeba chavua hadi kwenye mto, na si rahisi kuziosha kila usiku. Funga kitambaa unapotoka, kivue mlangoni, na foronya ibadilishwe mara kwa mara. Nguo zianikwe ndani.

Anayetaka tiba ya kuuzoeza mwili chavua, ya sindano au ya chini ya ulimi, aombe miadi vuli, kwani huanza miezi kadhaa kabla ya msimu na huchukua kama miaka 3. Kabla ya kipimo cha ngozi cha kutafuta aleji, vidonge vya aleji vikatishwe kama wiki moja, la sivyo kipimo kitadanganya. Dawa ya steroidi ya puani haiharibu kipimo, endelea nayo.