Naomba ushauri, nimeomba hekima ila nazidi kuchanganyikiwa

Wapendwa shalom, naombeni msaada wa mawazo. Mimi nimeokoka mwaka wa tatu sasa, na tangu January nasoma Mithali sura moja kila siku maana ziko 31 zinaenda na tarehe, na Yakobo 1:5 nimeishika kabisa, ukipungukiwa hekima omba kwa Mungu anatoa bila kukemea. Sasa shida yangu iko hapa, mzee kaacha shamba na bro wangu anataka tuuze tugawane hela, mama hataki kusikia, na mimi ndo wanasubiri niseme neno. Nimefunga siku tatu, nimeomba, lakini kila nikipata "amani" nagundua ni upande ule ule nilioutaka mwenyewe tangu mwanzo 😅 Mchungaji kaniambia niangalie Yakobo 3:17, hekima ya juu ni safi na ya amani, sawa, ila amani ya nani, yangu au ya mama? Hata Sulemani aliomba hekima akapewa na bado wake 700 wakamgeuza moyo, hilo ndo linanitisha. Nyie mnatofautishaje sauti ya Mungu na tamaa yako? Waliopitia ya mirathi hasa, karibuni.