LED 150 W badala ya sodiamu 250 W: giza kati ya nguzo, breka inakata jioni, draiva zinaungua

msimamizi_taa

Wakuu, naomba ushauri wa kitaalamu. Tunaondoa taa za barabarani za sodiamu 250 W na kufunga LED 150 W, 6500 K (rangi ya mwanga: namba kubwa ni nyeupe-buluu, ndogo ni ya manjano). Barabara ina upana wa mita 7, nguzo ziko upande mmoja, taa iko mita 10 juu, na kutoka nguzo hadi nguzo ni mita 35. Laini ya majaribio ina taa 24 zilizogawanywa fezi tatu, kila fezi na breka ya 16 A aina ya B. Fotoseli moja (kihisi cha giza) inaendesha kontakta (swichi kubwa ya umeme) inayowasha zote.

Chini ya nguzo kunaumiza macho, katikati kuna giza. Jioni taa zikiwaka breka inakata, ingawa klampu mita inasoma chini ya 6 A kwa fezi. Halafu draiva (vifaa vinavyolisha LED umeme) zinaungua kwa mkupuo, mara nyingi baada ya mvua, na karibu zote huwa za fezi moja. Tuongeze wati? Tubadilishe kampuni?

lenzi_na_lumeni

Usiongeze wati. Balbu ya sodiamu ya 250 W hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 27,000 hivi, lakini inamwaga mwanga pande zote, na kioo na kiakisi hula karibu theluthi. Kinachotoka ni kama 19,000. LED yako ya 150 W, hata ikiwa na lumeni 130 tu kwa wati, inatoa 19,500. Mwanga upo, umerundikana mahali pasipotakiwa.

Nguzo zako zimeachana mara 3.5 ya urefu wa taa. Hilo linawezekana, ila kwa lenzi inayosukuma mwanga kushoto na kulia kufuata barabara. Taa nyingi za bei ya chini zina lenzi ya duara ya nyuzi 120, inayofaa uwanja au yadi. Mwambie muuzaji akupe faili la IES au LDT (linaloonyesha taa inavyosambaza mwanga) la modeli hiyo hiyo, uliingize kwenye DIALux (programu ya bure ya kukokotoa mwanga) pamoja na vipimo ulivyotaja na kigezo cha matengenezo 0.8 (punguzo la uchafu na kuchakaa kwa taa). Kama barabara ni ya daraja la M4 kwa EN 13201 (kiwango cha Ulaya cha taa za barabarani), unatafuta wastani wa mng'ao wa barabara wa 0.75 cd/m², usawa wa jumla usiopungua 0.40, na TI (kipimo cha mwanga unaomsumbua dereva machoni) isiyozidi 15%. Muuzaji asiye na faili hilo, achana naye.

Mafundi wengi wakiona giza huinua kichwa cha taa. Hapo unapeleka mwanga ng'ambo ya barabara, kwenye madirisha ya watu, wakati giza lako liko kati ya nguzo. Acha mkono kwenye nyuzi 0 hadi 5.

Rangi: shuka hadi 3000 K. Chama cha madaktari cha Marekani, AMA, kilipendekeza mwaka 2016 taa za barabarani zisizidi 3000 K kwa sababu ya mwanga wa buluu. Utapoteza asilimia chache za lumeni, si hasara ya kulalamikia.

nyutro_kwanza

Nichukue upande wa umeme. Klampu mita yako haidanganyi, ila inasoma mkondo baada ya taa kutulia. Draiva inapowashwa kapasita zake ziko tupu, kwa hiyo inavuta zaidi ya 50 A kwa muda usiofika milisekunde moja. Taa nane kwa pamoja zinatosha kukata breka ya aina B. Weka aina C ya 16 A, inayovumilia zaidi mshtuko wa kuwasha, baada ya kuhakikisha kebo na umbali wa mwisho wa laini vinairuhusu kukata shoti kwa wakati. Karatasi ya vipimo ya draiva husema ni ngapi kwa kila breka. Ifuate hiyo, usikadirie. Umefanya vyema kutumia kontakta, maana fotoseli ikibeba taa nyingi moja kwa moja, kontakti zake huyeyuka na kushikana, taa zikawaka mchana kutwa.

Draiva kuungua kwa mkupuo kwenye fezi moja: kabla ya kulaumu radi, kagua nyutro (waya wa kurudi wa fezi zote). Ikilegea au kukatika, fezi tatu zinabaki zikigawana volti bila nyutro ya kuzishikilia, na yenye mzigo mdogo hupanda kuelekea 400 V. LED inazidisha ubaya kwa sababu draiva inavuta wati zile zile: volti ikishuka, inavuta ampea zaidi, na tofauti kati ya fezi inaongezeka. Fungua visanduku vya nguzo, tafuta mahali alumini imeungwa na shaba kwa kusokotwa. Maji yakiingia hapo, kiungo kinaoza. Tumia viunganishi vya metali mbili, kaza upya, kisha pima fezi kwa nyutro kwenye nguzo ya mwisho taa zote zikiwaka.

Radi nayo ina yake. Weka SPD (kifaa cha kukinga mapigo ya volti) ya 10 kV kwenye kila taa, na ethi ya nguzo ifike omu 10 au chini. Chagua SPD ya kuungwa kwa mfululizo: ikifa inazima taa, nanyi mnajua. Ile ya sambamba hufa kimya, taa inaendelea kuwaka bila kinga.

msimamizi_taa

Nimewaelewa, wakuu. Vichwa vya zamani bado vizima. Kuna haja ya kununua vipya, au tufunge balbu za LED za kuskurubu humo humo?

nyutro_kwanza

Ukilazimika, ng'oa vifaa vya kuendeshea balbu ya sodiamu: choki (kidhibiti mkondo), ignaita (kiwashio) na kapasita. Ignaita hupiga mapigo ya kilovolti 3 hadi 5, LED haivumilii. Hata hivyo kichwa kimefungwa na joto halina pa kutokea, na kiakisi kilichorwa kwa balbu ya umbo jingine. Mimi nisingefanya.

lenzi_na_lumeni

Nami pia. Ukipata lenzi sahihi, 110 W huenda zikatosha, DIALux itakwambia. Hesabu ya laini yako kwa saa 4,380 za mwaka: sodiamu pamoja na choki ni kama 280 W kwa taa, jumla kWh 29,400. LED 110 W ni 11,600. Draiva ikishusha nguvu hadi nusu kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, unabaki na 8,700.

Agiza draiva yenye ratiba hiyo ndani yake, na soketi ya pini 7 juu ya kichwa, ya kuchomeka kidhibiti baadaye, hata kama kwa sasa unaifunika tu kwa kofia.

nyutro_kwanza

Nyongeza kuhusu kupunguza mwanga: draiva ikishushwa, pawa fakta (uwiano wa wati halisi na volti-ampea) hushuka na sehemu ya harmoniki ya tatu (mkondo wa masafa mara tatu ya ya umeme wa kawaida) huongezeka, na za fezi zote tatu hujumlika kwenye nyutro. Kwa hiyo usikubali kebo yenye nyutro nyembamba kuliko fezi, hata mkandarasi akikuonyesha kwamba mizigo imesawazishwa.