Nina Ryzen 5 3600 na RX 580, nipo Tabata: nikichimba kripto nyumbani, hela ya LUKU itarudi?

mhariri_tabata

Habari za jioni wakuu. Nina kompyuta ya mezani niliyokuwa nahariria video za harusi: prosesa Ryzen 5 3600, RAM GB 16, kadi ya RX 580 ya GB 8. Kazi zimepungua, mashine inalala tu. Jamaa yangu ananishawishi niiwashe usiku na mchana ichimbe kripto, yaani ifanye mahesabu ya mtandao wa sarafu za kidijitali na kulipwa kwa sarafu hizo. Mwingine ana Antminer S9, mashine ya kuchimbia Bitcoin, iliyotumika, anataka laki nne, anasema ndani ya miezi mitatu hela yangu inakuwa imerudi. Na nimeviona vile vidude vidogo vya kuchimbia Bitcoin vinaitwa Bitaxe.

Naomba mnisaidie kwa hela ya kwetu na umeme wa kwetu, kipi kinalipa? Mita ni moja ya nyumba nzima, tuko wapangaji watatu, LUKU tunachanga. Ningependa kusikia kwa mtu aliyefanya mwenyewe.

fundi_njombe

Mkuu, mimi ni fundi kompyuta hapa Njombe mjini, na mashine inayochimba ninayo, inawaka hata sasa ninapoandika. Tupige hesabu kwa uniti, maana bei ya sarafu inapanda na kushuka kila siku, lakini uniti unaijua.

Tuanze na hiyo S9. Usiinunue, hata akishusha hadi laki moja. Ilitoka 2016, inatoa terahashi kama 13.5 (terahashi moja ni majaribio trilioni moja ya hesabu kwa sekunde) na inakula wati 1,300 hivi. Hizo ni uniti 31 kwa siku. Kwa bei ya T1, daraja la kawaida la umeme la TANESCO, ukijumlisha VAT na makato ya REA na EWURA, uniti inafika kama shilingi 356. Kwa hiyo mashine inakula shilingi 11,000 kila siku inayokucha. Inaleta ngapi? Tuuchukulie mtandao mzima wa Bitcoin una zetahashi moja, yaani terahashi bilioni moja. Tangu Aprili 2024 malipo ya kila bloku (fungu la miamala linalofungwa na mchimbaji) yalipokatwa nusu yakawa Bitcoin (BTC) 3.125, wachimbaji wote duniani wanagawana BTC kama 450 kwa siku. Fungu la S9 humo ni satoshi 600 na kidogo (satoshi milioni mia moja ndiyo Bitcoin moja). Hata tukiipa Bitcoin bei ya dola 100,000, na dola tuihesabu shilingi 2,500, unapata shilingi 1,500. Unatoa elfu kumi na moja, unapokea elfu moja na mia tano. Bado sijataja feni zake mbili zinazopiga kelele mchana kutwa usiku kucha. Wapangaji wenzako hawatakuvumilia wiki.

RX 580 ilikuwa kadi nzuri sana, watu wamejenga kwa kadi hizo. Lakini kilichokuwa kinailipa ni Ethereum, na Ethereum iliacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Siku ile kadi za dunia nzima zilikosa kazi, zikakimbilia sarafu ndogo kama Ravencoin na Ethereum Classic, fungu la kila mtu likawa dogo mno. Iache kwenye video, huko ndiko inakokupa mkate.

Sasa prosesa. Hapa pana mazungumzo ya kweli, kwa sababu Monero imetengenezwa makusudi ili kompyuta ya kawaida iweze kuichimba. Tangu Novemba 2019 inatumia kanuni ya hesabu inayoitwa RandomX, na RandomX inataka vitu viwili: kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyomo ndani ya prosesa) kiasi cha MB 2 kwa kila uzi wa kazi (thread), na RAM zaidi ya GB 2 ya kuweka data yake. Ryzen 5 3600 ina L3 ya MB 32, nyuzi 12, kwa hiyo zote zinaenea na nafasi inabaki. Ukiweka XMRig, programu ya kuchimbia Monero, ukawasha kurasa kubwa za kumbukumbu (huge pages), na RAM yako ikiwa vijiti viwili (kijiti kimoja cha GB 16 kinaiburuza prosesa, angalia hilo kwanza), utapata kilohashi 7 hivi kwa wati kama 100 za ukutani.

Wati 100 ni uniti 2.4 kwa siku, shilingi 850. Monero inatoa bloku moja kila dakika mbili na kila bloku ni Monero (XMR) 0.6, jumla XMR 432 kwa siku. Tukiuchukulia mtandao wake gigahashi 5, yaani kilohashi milioni 5, na bei dola 300, fungu lako ni kama shilingi 450. Bado unapoteza mia nne kila siku.

Najua kuna atakayesema "mimi niko D1, uniti ni shilingi mia". Sawa. D1, daraja la wanaotumia umeme kidogo, ina uniti 75 kwa mwezi kwa bei hiyo, na mashine peke yake inakula 72. Friji na taa vikiingia umeshavuka, na kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato. Nyumba ya wapangaji watatu sidhani hata kama iko D1.

Kwa hiyo kwa Tabata jibu langu ni hapana. Lakini umetaka kusikia kwa aliyefanya, basi nikwambie kwa nini yangu inawaka.

Wati 100 zinazoingia kwenye kompyuta zinatoka zote kama joto. Zote, hakuna zinazogeuka kuwa sarafu. Dar joto hilo ni adui, utawasha na feni ya pangaboi juu yake. Njombe mwezi wa sita na wa saba watu wanalala na mablanketi matatu, na mimi nalea vifaranga. Boksi la vifaranga hamsini nilikuwa naliwekea balbu ya wati 100, usiku na mchana. Sasa nimeiweka kompyuta pale, balbu nimezima. Umeme ni ule ule ambao ningeuchoma hata bila kuchimba, vifaranga wanapata joto lile lile, na ile 450 inaingia juu yake. Hiyo ndiyo hesabu pekee ya uchimbaji wa nyumbani ninayoweza kuitetea mbele ya mke wangu na mbele yenu. Wiki chache vifaranga wakishaota manyoya nazima, nasubiri kundi jingine.

Swali la kujiuliza, mkuu, ni hili: pale ulipo kuna joto unalolinunua tayari? Kama halipo, usichimbe.

wa_butembo

Fundi anasema kweli. Miye niko Butembo, upande wa Congo, na kwetu mfano uko karibu. Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro. Kituo kilikuwa kimejengwa, maji yanashuka, lakini nyaya za kupeleka ule umeme kwa watu wote zilikuwa bado. Umeme usio na mnunuzi ndio walioutumia. Wewe wa Tabata umeme wako una wanunuzi watatu kwenye mita moja, ndugu yangu.

mkaazi_wa_thika

Nakubaliana na nyinyi. Hapa Kenya kuna kampuni inaitwa Gridless inayofanya hivyo hivyo kwenye mitambo midogo ya maji mashambani: stima inayobaki ndiyo inachimba, na wanakijiji wakiihitaji mashine zinapunguzwa. Mimi kwa nyumba nanunua tokeni kama kila mtu, na nilipopiga hesabu ya tokeni nikaachana na hayo mambo. Kama ni Bitcoin unataka, nunua kidogo kidogo kwa ile pesa ungeweka kwa stima. Utakuwa nayo nyingi kuliko ya kuchimba.

mhariri_tabata

Asanteni sana, hasa Fundi kwa kunipigia hesabu moja moja. RAM yangu kweli ni kijiti kimoja. S9 nimeshamwambia jamaa siitaki. Nina maswali mawili yamebaki. Bitaxe inakula umeme mdogo, nayo ni hapana? Na je, kisheria hapa Tanzania tukoje? Nisije nikaonekana nafanya magendo.

karani_wa_kodi

Kwenye sheria nikusaidie. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa teknolojia hii. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kwa hiyo usitegemee kulipia dukani kwa Bitcoin, na ukiuza ujue kodi ipo. Weka kumbukumbu ya kila unachouza, tarehe na kiasi, hata kama ni kidogo.

fundi_njombe

Bitaxe naipenda, nikwambie wazi. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na toleo la Gamma lina chipu ile ile ya BM1370 iliyomo kwenye Antminer S21 Pro, chipu moja tu. Inatoa terahashi 1.2 kwa wati kama 18. Kwa siku umeme wa shilingi 150, na fungu lake kwa hesabu ile ya juu ni satoshi 54, shilingi 135. Inakaribia kujilipa umeme, lakini bei ya kukinunua na kukisafirisha hairudi.

Wengi hawaichimbii kwenye kundi la wachimbaji wanaogawana malipo, wanachimba peke yao wakitumaini bloku nzima. Mwaka 2024 kuna aliyepata akiwa na terahashi kama 3 tu, kwa hiyo si uongo kwamba inatokea. Lakini kwa terahashi 1.2 ndani ya zetahashi moja, wastani ni bloku moja kwa miaka karibu 16,000. Kama unataka kujifunza uchimbaji unavyofanya kazi, ukiwa na kitu mezani unachoweza kukigusa, kinunue kama unavyonunua kitabu. Angalia tu adapta yake: ni ya volti 5. Ukichomeka ya volti 12 umeiua papo hapo.

Na wakuu, zile programu za simu za kubonyeza kitufe mara moja kila saa 24 hazichimbi kitu. Simu ingekuwa inachimba kweli ungeisikia mkononi kwa moto, na chaji isingefika mchana.

mama_kuku_makambako

Fundi samahani, mimi mambo ya sarafu siyajui, nimevutwa na vifaranga. Vumbi la pumba na manyoya haliui kompyuta? Na umeme ukikatika usiku?

fundi_njombe

Vumbi linaua, mama, tena haraka. Kompyuta usiiingize bandani. Yangu ipo chumba cha pili, nimetoboa ukuta wa mbao nikapitisha bomba pana la plastiki, feni ya nyuma ya kompyuta inasukuma hewa ya moto kuelekea boksini. Mlango wa bomba nimeufunga chandarua, nakisafisha kila ninapobadilisha maji ya kunywa.

Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi joto 3 kila wiki. Kipimajoto kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga, siyo juu ukutani. Wakijikusanya kwenye mdomo wa bomba wana baridi, wakilikimbia bomba na kuhema midomo wazi limezidi, punguza nyuzi za kazi kwenye XMRig kutoka 12 hadi 8, joto linashuka. Umeme ukikatika hakuna ujanja, jiko la mkaa liwe limeshapangwa tayari na kiberiti juu yake, na uache upenyo wa moshi kutoka.