Mjadala: Maji ya chupa yapimwe kiwandani, au pale tunapoyanywea?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake.

Jana mchana nilinunua maji Buguruni, kwenye genge ambalo katoni zake zinashinda juani tangu asubuhi. Chupa ilikuwa ya moto mkononi, maji yana ladha ya plastiki. Alama ya ubora kwenye lebo inazungumzia maji yaliyotoka kiwandani, au haya niliyokunywa mimi?

Chupa hizi ni PET, plastiki ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa msaada wa antimoni, elementi ambayo ikizidi mwilini ni sumu. Joto likipanda, antimoni hujipenyeza kwenye maji kwa kasi zaidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 20 kwa lita, cha Marekani ni 6. Sitaki kumtisha mtu: watafiti wa Arizona walipopima mwaka 2008, kwenye nyuzi 60 za Selsiasi ilichukua siku 176 kufikia kikomo cha Marekani. Kwenye nyuzi 80, siku 2.3 tu. Genge la Buguruni halifiki huko.

Kinachoninyima amani hasa ni zile chupa kubwa ngumu za dispensa. Ya ofisini kwetu imechubuka mpaka huoni upande wa pili, na bado inarudishwa kujazwa. Nyingi za aina hiyo ni polikaboneti, plastiki ngumu ambayo hutengenezwa kwa BPA, kemikali inayoweza kuvujia kwenye maji. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango salama cha BPA hadi nanogramu 0.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za kiafya ikakataa, ikasema 200. Wamepishana mara elfu moja, ila wanabishana kwa vipimo.

Najua mtaniambia kipindupindu kinaua ndani ya saa chache, nanogramu za nini? Hoja nzito, na hata chupa hizohizo za PET zikijazwa maji na kuanikwa kwenye jua kali kwa saa 6, vijidudu vingi hufa. Sisemi tuziache. Nasema TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wachukue sampuli mtaani: gengeni, kwenye dispensa kuukuu, kwenye dumu la nyumbani ambalo hakuna ajuaye lilibeba nini kabla ya maji. Majibu yabandikwe hadharani.

Gharama? Kwangu mimi walipe wenye viwanda, maana plastiki wanachagua wao. Mliomo kwenye biashara hii, hasa wenye viwanda vidogo, mnasemaje: mkitozwa, chupa ya mia tano itabaki mia tano?