Ridi za klarineti zisizo za kampuni kubwa: mnazipata wapi, na mnachaguaje?

Pumzi_Ndefu:
Habarini wadau. Napiga klarineti ya Bb mfumo wa Boehm (ule wa Kifaransa), mauthpisi (kile kipande cha kupulizia) ni Vandoren B45, ridi nazotumia, yaani vile vipande vyembamba vya mwanzi vinavyotetemeka ukipuliza, ni V12 za Vandoren namba 3. Sio mbaya kabisa ila kwenye boksi la ridi 10 zinazonikaa vizuri ni chache sana na maduka mengi ukiuliza ni Vandoren au D'Addario basi, hakuna kingine. Nasikia watu wanawasifia Gonzalez wa Argentina, Steuer wa Ujerumani, Pilgerstorfer wa Austria, na Marca na Rigotti wa Ufaransa. Mnaotumia hizi mnanunua wapi? Na je namba 3 yao ndio ile ile 3 ya Vandoren? Sitaki niagize boksi zima toka mbali halafu ridi zije ngumu kama ubao.

Klarineti_Kwanza:
Mkuu hiyo namba usiiamini hata kidogo ukihama kampuni. Namba inaonyesha ule mwanzi unapinda kirahisi kiasi gani, na kila mtengenezaji ana kipimo chake. We angalia hata Vandoren wenyewe, V12 wanaikata kwenye mwanzi mnene zaidi kuliko ile Traditional, kisigino chake (ule mwisho mnene usioingia mdomoni) ni kinene, kwahiyo ukiweka Traditional 3 na V12 3 mdomoni unasikia kabisa ni vitu viwili tofauti na kampuni ni moja. Sasa sembuse kampuni nyingine.

Watengenezaji wengi wana jedwali la kulinganisha ugumu, tafuta la huyo unayemtaka uone anasema V12 3 inalingana na ipi yake. Halafu B45 ipo wazi kidogo nchani, yaani kuna nafasi kubwa kiasi kati ya ncha yake na ridi, ridi ngumu itakuchosha midomo mapema. Ukiwa njia panda kati ya namba mbili chukua ile laini.

Sauti_ya_Mbao:
Naongezea jambo ambalo linawaumiza watu wengi. Steuer na Pilgerstorfer wanatengeneza mikato (namna ridi inavyochongwa) ya Kijerumani NA ya Kifaransa, na mauthpisi ya Kijerumani ni nyembamba kuliko yetu. Ridi yake nayo nyembamba. Ukiifunga kwenye B45 haifuniki vizuri zile kingo mbili za pembeni ya dirisha (lile tundu la mauthpisi linalofunikwa na ridi), hewa inavuja, klarineti inapiga miluzi na wewe unabaki unajilaumu kuwa hujui kupuliza kumbe ridi haikutengenezwa kwa ajili ya mauthpisi yako. Kwahiyo kabla hujalipa hakikisha pameandikwa Boehm au mkato wa Kifaransa. Kwenye maduka ya Kijerumani utakuta "Böhm" na "Deutsch", wewe wako ni Böhm. Kama maelezo ya bidhaa hayasemi, usinunue mpaka uulize.

Nota_Nyeusi:
Kuhusu wapi: achana na maduka ya vyombo vyote, yale ya gitaa na kinanda na ngoma, nenda kwenye maduka ya mtandaoni ya ala za kupuliza tu, hao ndio wanaweka watengenezaji wadogo. Au nenda moja kwa moja kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mimi huwa nawaandikia kabisa, nawatajia mauthpisi yangu na ridi ninayotumia, nauliza wananishauri mkato gani na kama wanauza moja moja au pakiti ya majaribio yenye namba mchanganyiko. Hawa wadogo mara nyingi anayejibu ni mtu anayezijua ridi zake, sio mtu wa kusoma katalogi. Na kama mna wapigaji wenzako agizeni pamoja maana gharama ya kutuma ndio inauma kuliko ridi yenyewe.

Zikifika usizihukumu siku ya kwanza. Shika ridi mbele ya taa, utaona kivuli katikati kama U iliyogeuzwa, tazama kushoto na kulia kama vinalingana. Ukiona upande mmoja una giza zaidi karibu na ncha, huo ndio mgumu, unaupunguza kidogo sana kwa msasa laini. Kisha loanisha, piga dakika chache tu sauti za kati, weka ikauke ikiwa bapa, kesho tena. Ridi nyingi nzuri zinatupwa kwa haraka tu.

Pumzi_Ndefu:
Aisee asanteni sana, hilo la Böhm na Deutsch sikulijua kabisa. Naanza na Gonzalez, nitawaandikia kwanza. Swali la mwisho, mwanzi wa Argentina una sauti tofauti na wa Ufaransa au ni maneno ya watu?

Sauti_ya_Mbao:
Mmea ni ule ule, Arundo donax. Wafaransa wanaupata zaidi mkoa wa Var kule kusini, Gonzalez wanalima wenyewe Argentina. Udongo na hali ya hewa vina mchango wake, ila kinachobadilisha zaidi mdomoni ni mkato, yaani unene wa kisigino, wa moyo (ile sehemu nene ya katikati) na wa ncha. Na Gonzalez wana mikato zaidi ya mmoja, ukiwaandikia waulize upi una kisigino kinene kama V12, anzia huo ili usibadilishe vitu viwili kwa mpigo.